Siku Tata Alipomwimbia Mtu wa Sinema

Tulimzika Wambui kule Ngoliba mwezi uliopita, siku ya jua kali, na kijana aliyeshika maikrofoni akaninong'oneza, "Shosho, ni dakika mbili tu, programu imechelewa." Dakika mbili za kumsimulia mtu niliyelala naye kitanda kimoja tukiwa wasichana. Nikasema kwamba alikuwa mpishi hodari na mtu wa maneno machache. La kwanza ni kweli. La pili ni ule uongo wa matangani ambao nadhani hata Mungu huupisha. Nikarudi kuketi. Lakini tangu siku hiyo yale niliyoyameza yananikaa kooni, hasa habari ya mwaka mmoja wa Ruiru, mwishoni mwa miaka ya hamsini, ambao sasa hakuna aliyebaki wa kuukumbuka ila mimi. Wajukuu wa Wambui wanajua kwamba nyanya yao aliolewa na Mkamba, akahamia Ngoliba, akalima mbaazi na mahindi katika ardhi ile kavu mpaka ikamzoea. Hawajui kwamba ilibaki kidogo sana apotelewe na mama yake, na mama yake yu hai. Wala hawangekisia kwamba kilichomrudishia mama ni sinema, tena sinema mbaya.

Nilivyofika kwa Tata ni habari ndefu isiyo na utamu, naiacha. Tata Wanjiku alikuwa dada ya baba yangu, na kwa kuwa mimi Njeri nilipewa jina la mama yake, aliniita maitu, yaani mama, hata aliponigombeza. Jambo la ajabu kugombezwa na mtu anayekuita mama. Tuliishi katika chumba kimoja kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa shamba la kahawa, nje kidogo ya Ruiru. Kuta zilikuwa za udongo, Tata akazipaka chokaa kila Krismasi mpaka zikawa nyeupe kuliko za karani. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia la khanga, jiko la mawe matatu karibu na mlango, na chini ya kitanda sanduku la mbao la Wambui, mtoto wake wa pekee, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua wala kulisogeza. Jioni tulikula githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na kama ilikuwa siku njema Tata aliiponda pamoja na viazi. Alisali kabla ya kula, sala ndefu, mvuke ukiisha sahanini. Nikajifunza kupenda chakula cha vuguvugu, na mpaka leo chai ikiniunguza ulimi naona kama nimekosa adabu.

Mchana tulikaa kwenye meza ndefu za kuchambua kahawa. Wanawake pande zote mbili, buni kavu zimemwagwa katikati, kila mmoja akitoa mbovu kwa ncha za vidole: iliyovunjika, nyeusi, iliyotobolewa na mdudu. Tata alikuwa nyapara wetu. Alipita nyuma ya migongo yetu bila kusema neno, akachukua kiganja kimoja cha zile tulizozipitisha, akazitandaza, na kama kulikuwa na mbovu moja aliiona kabla hujapumua. Ndivyo alivyowatazama watu pia. Alikuwa ameokoka miaka mingi, katika ule uamsho wa ndugu waliosalimiana kwa "Bwana asifiwe" na kuungama dhambi zao hadharani, dhambi kwa jina lake, bila kuifunika nguo. Nilimheshimu, na nilimwogopa pia. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minane na kichwa kigumu, na sikuamini kwamba mtu ni kahawa.

Wambui, niliyelala naye kitanda kimoja utotoni kila alipoletwa kwetu kututembelea, alikuwa ameondoka kabla sijafika, akaenda Thika kukaa na Mutua, fundi wa baiskeli, bila harusi, bila kanisa, bila mahari, na kwa kabila jingine. Kwa Tata hayo yalikuwa makosa manne, na hakujua aanze kukasirikia lipi. Alirudi mara moja tu. Ilikuwa jioni ya mvua, mimi nikiwa nyuma ya pazia nikikunja nguo, na nilisikia kila neno. Kwa upenyo wa pazia nilimwona Wambui amesimama mlangoni, amelowa chapachapa, tumbo limeshatokeza. Alikuwa analia.

"Mama, nimekosa," alisema. "Nimekuja uniambie tu kwamba mimi bado ni wako."

Tata hakusimama. Nilisikia mwiko ukizunguka chunguni. "Kulia nimeona wengi wakilia," alisema. "Mti unajulikana kwa matunda. Toka kwanza kwa huyo mtu. Ukae mwaka mmoja katika ushirika, ndugu wakuangalie. Halafu urudi tuongee."

"Mwaka mmoja, Mama? Mtoto atakuwa anatembea."

"Basi atakuja akitembea."

Wambui alirudi Thika na gari la moshi la mwisho, kabla jua halijatua. Kabla ya kulala Tata alipiga magoti kando ya kitanda, akasali muda mrefu sana, na katika sala ile nilisikia jina la Wambui mara nyingi kuliko jina la Yesu. Huyu mwanamke alimpenda mtoto wake, nataka ieleweke. Kilichomkaba ni ile kazi yake ya kuchambua. Aliamini kwamba ukimpokea mtu kabla hujamkagua, umemdanganya yeye na umemdanganya Mungu. Nami tangu siku ile nilianza kwenda Thika Jumamosi moja moja. Nilimwambia Tata wazi, "Naenda Thika." Hakuniuliza kufanya nini. Lakini kila nilipofungasha kikapu nilikuta ndani yake kitu ambacho sikukiweka mimi, viazi vikuu au kopo la uji wa unga wa wimbi, na hakuna aliyesema lolote kuhusu vitu hivyo.

Mtoto alizaliwa, msichana, na Tata hakwenda. Alipopata habari kwa kinywa changu alisema, "Bwana amlinde," akashika njia ya kisimani ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Niliona wazi kwamba mwaka ule aliouweka ungepita, na mwingine ungepita, na Wambui, ambaye kiburi chake kilitoka kwa mama yake moja kwa moja, hangegonga mlango ule tena. Nilikuwa kati yao, nikibeba viazi. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu mwaka wote ule, na ndilo lililokuwa moyoni mwangu siku gari la sinema lilipoingia shambani.

Lilikuwa gari la serikali, refu, lenye mtambo wa umeme ulionguruma. Kwa kawaida sinema kama zile zilionyeshwa nje jioni, lakini shambani kwetu bado tulikuwa chini ya zile amri za hali ya hatari walizotuwekea wakoloni, na hakuna aliyeruhusiwa kutembea baada ya jua kutua. Basi walituonyesha mchana, Jumamosi baada ya kazi, ndani ya ghala la kahawa. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Shuka nyeupe ilitundikwa kwenye boriti, na sisi tukakaa juu ya magunia yaliyojaa, harufu ya kahawa mbichi na katani ikitujaa puani, Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo na Waluhya, kila mtu na watu wake. Picha zilizungumza Kiingereza, kwa hiyo palikuwa na mkalimani, mtu wa pwani aliyeitwa Harun, aliyevaa kofia iliyodariziwa kwa mkono na kusimama kando ya shuka na fimbo. Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata watu walimwendea yeye kuliko picha. Tulionyeshwa kwanza jinsi ya kunawa mikono, kisha jinsi ya kupogoa mikahawa, kazi ambayo wale waliokuwa wameketi mle waliijua kuliko aliyeipiga picha. Mwisho ikaja hadithi.

Ilikuwa hadithi ya mlevi. Harun alimpa jina la Bwana Kesho, kwa kuwa kila alichoombwa alisema atafanya kesho. Bwana Kesho aliuza jembe, akalala mtaroni, akafukuzwa kazi, na hatimaye akarudi kwa mama yake, akapiga magoti uani, akalia. Mama akamwinua. Hapo kanda ilikwisha, Harun akafungua gunia moja dirishani, akaweka kanda ya pili. Katika kanda ya pili Bwana Kesho aliamka alfajiri, akatazama kulia na kushoto, akamfungua mbuzi wa mama yake, akaenda naye kilabuni. Mpaka mwisho wa picha hakubadilika. Harun akafunga kwa kusema, "Pombe si maji, enyi jamaa," na tukatoka nje tukiwa tumepofuka kwa jua. Mwenye picha alikuwa amekusudia tuogope pombe. Mimi, ambaye sikuwahi kuonja pombe, nilitoka na kitu kingine kabisa: yule mama, jinsi alivyomwinua mwanawe kabla hajamaliza kusema. Nililala nikiufikiria mkono wake.

Waliookoka hawakuingia. Walikaa nje, kando ya meza za kuanikia kahawa, wakiimba taratibu ili kelele za ghalani zisiwafikie. Jioni ile Tata alinitazama nikila.

"Maitu, uliona nini huko ndani?"

"Niliona mama mmoja na mtoto wake, Tata."

"Giza la mchana mtu hulitengeneza kwa sababu," alisema. "Mungu aliweka madirisha. Wao wameyaziba."

"Waliziba ili picha ionekane."

"Hata mwizi akizima taa anataka kitu kionekane na kingine kisionekane." Akanywa chai. Baada ya muda akauliza, kana kwamba anauliza bei ya chumvi, "Huyo mama alimfanyia nini mtoto?" Nikamwambia alimwinua. Hakuuliza zaidi, na mimi, sijui kwa nini, sikumwambia habari ya mbuzi.

Gari lilirudi mwezi uliofuata na picha zile zile. Nilikwenda tena. Nilijiambia naenda kumwona yule mama. Tata alivumilia mpaka tulipokuwa tumeshapita zile picha za mikono na mikahawa, kisha akaamua kwamba mtoto wa kaka yake hatapotelea gizani mara mbili akiwa yeye ameketi nje anaimba. Akainuka, akafunga kitambaa chake kichwani vizuri, akaingia. Nilimsikia kabla sijamwona: "Njeri. Wewe Njeri, toka." Watu wakamwambia akae, anaziba. Akaja akipapasa kati ya magunia, mkono mmoja mbele, na alipofika safu yangu akageuza uso kutazama kile kilichokuwa kinanishika. Wakati ule ule Bwana Kesho alianguka magotini.

Lazima nieleze kitu hapa, maana vijana wakisikia hucheka upesi mno. Tata hakuwa mjinga. Alijua ile ni picha. Lakini picha alizozijua yeye zilikuwa za watu waliosimama kweli mbele ya mpiga picha: picha ya harusi maana yake ilikuwako harusi, na picha ya maiti maana yake mtu amekufa. Haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kupigwa picha ya jambo ambalo halikutokea. Kwa hiyo alichokiona kilikuwa mtu mzima, machozi yanamtiririka, anatubu mbele ya mama yake. Na katika ushirika wao palikuwa na desturi moja isiyovunjwa: mtu akitubu, huachi hata pumzi moja ipite kabla hujamwimbia. Unasimama, unanyosha mkono, unaanzisha ule wimbo wa kumpokea, na wote waliopo wanaitikia.

Tata alinyosha mkono, akaimba.

Alikuwa na sauti ya chini, nzito, isiyotetemeka. Harun aliacha kusema. Nilimwona akivua kofia, sijui kwa heshima au kwa mshangao. Upande wa pili wa ghala mama mmoja wa Kiluhya, aliyeokoka kwao kabla ya kuja Ruiru, akaitikia kwa lugha yake. Kisha akaitikia mwingine, na mwingine, na wale waliokuwa nje kando ya meza za kuanikia waliposikia wimbo wao unatoka ndani ya ghala la sinema, nao wakaitikia bila kujua wanamwitikia nani. Kanda ikakwisha, Harun akafungua gunia dirishani, mwanga ukamwangukia Tata akiwa bado na mkono juu na macho yamefumbwa. Nami nilikuwa nimekaa chini yake, nikijua kilichoko kwenye kanda ya pili. Niliomba mashine iharibike. Ni ombi langu la kwanza la kweli, na halikujibiwa.

Mwanga ukazibwa. Bwana Kesho akaamka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akamfungua mbuzi.

Ghala zima lilipasuka kwa kicheko. "Mama, mwimbie tena," mtu alipiga kelele kutoka nyuma, "labda atarudisha mbuzi." Tata alisimama akitazama mpaka mbuzi alipopita langoni na kupotea. Kisha akamwendea Harun, na watu wakanyamaza ili wasikie.

"Huyu mtu alilia," alisema. "Nimeona machozi."

"Alilia, mama," Harun akajibu kwa upole, "lakini ni mchezo. Yule ni mtu wa kazi. Aliambiwa alie, akalia."

"Na yule mama yake?"

"Naye pia aliambiwa amwinue."

Tata alitikisa kichwa polepole, kama alivyofanya alipokuta gunia zima limeingia unyevu. Akatoka. Nikamfuata.

Sasa niseme ninavyoamini mimi, baada ya miaka yote hii. Kila Jumamosi hapa kwangu Murera vijana wa kanisa huja kutazama filamu kwenye televisheni ya mjukuu wangu. Wana mwalimu wao, kijana mzuri, ambaye filamu ikiisha huwauliza, "Fundisho ni nini?" na wao hutaja: uvumilivu, uaminifu, kusamehe. Wanajibu sawasawa kila mara, na hakuna anayebadilika. Mimi huuliza swali langu moja: ulipokuwa unatazama, wewe ulifanya nini? Juzi msichana mmoja alilia mpaka akapaliwa kwa sababu ya baba wa kwenye filamu aliyeachwa hospitalini. Nikamuuliza kama baba yake mwenyewe hajambo. Akasema hawajazungumza tangu Krismasi, kisha akanitazama kwa hasira, kisha akatoka nje na simu. Sinema huyakuta mapenzi yako yamelala bila mlinzi na kuyatoa nje uyaone. Anayeitengeneza hajui itakushika wapi. Yule aliyetuletea Bwana Kesho alitaka tuache pombe, na watu wa Ruiru waliendelea kunywa.

Jioni ile Tata hakula. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Maitu, wewe ulijua atamchukua mbuzi?"

"Nilijua, Tata. Nilishaiona."

"Na hukunivuta nguo nikae."

"Ulikuwa unaimba vizuri."

Nilidhani atanigombeza. Akageuza uso ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika, na mpaka leo sina hakika kama alikuwa anacheka. Wiki iliyofuata mezani haikuwa rahisi. Wanawake walichambua kahawa wakiulizana habari za mbuzi. Mmoja akisema, "Nisamehe, dada, nimekukanyaga," mwingine huinua mkono kama anataka kuimba. Tata alipita nyuma ya migongo yetu kama kawaida. Ila niliona jambo moja: hakuchukua kiganja cha kahawa ya mtu yeyote kukagua, siku zote zile. Alikuwa anafikiri.

Jumapili ushirika ulikutana katika karakana ya Ndugu Eliya, seremala wa shamba na kiongozi wao, tumekaa juu ya mbao zenye harufu ya mkangazi na maranda yamejaa chini. Mimi sikuwa nimeokoka. Nilikaa nyuma kabisa kwa kuwa sikutaka Tata aende peke yake. Wote walijua ataungama nini. Dada mmoja tayari alikuwa amesafisha koo kwa ajili ya wimbo. Tata akasimama.

"Bwana asifiwe," alisema. "Niliingia ghalani kumtoa mtoto wa kaka yangu. Nikaona mtu amepiga magoti. Sikumuuliza ametoka wapi. Sikumwambia akae mwaka mmoja tumwangalie. Niliimba hapo hapo. Na kumbe ni mchezo kwenye shuka." Sauti yake, iliyoimba bila kutetemeka, ilikuwa inatetemeka sasa. "Msichana wangu alisimama mlangoni pangu amelowa. Analia machozi yake mwenyewe, hakuna mtu amemwambia alie. Mimi nikamwambia alete matunda kwanza. Ndugu zangu, wimbo nimemnyima mtoto, nikaupatia shuka. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Nimemaliza."

Hakuna aliyeimba. Ndugu Eliya alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na mstari wake wa seremala. "Dada Wanjiku," alisema, "tunakusikia. Lakini hujasema habari ya kuingia mahali pale. Na huyo msichana bado yuko kwa mtu, hawajafunga ndoa. Tutaimbaje?"

"Nimesema ile imeniuma," Tata akajibu. "Kama kuna nyingine, Bwana atanionyesha."

Alikuwa amesimama peke yake kati ya maranda, mwanamke aliyewaimbia nusu ya watu waliokuwa mle ndani, na kila mmoja anatazama miguu yake. Nilisikia hasira ikipanda, kisha si hasira tena, ni kitu chenye joto zaidi, na nikajikuta nimesimama. Nikaanzisha wimbo wao. Niliuanzisha juu mno, sauti ikapasuka kwenye mstari wa pili, nikaendelea hivyo hivyo. Tata aligeuka kutazama ni nani. Mke wa Eliya akaitikia, kwa sauti ndogo, bila kumtazama mume wake. Wakafuata wengine wanne au watano. Eliya hakuimba, lakini pia hakutuzuia, na namheshimu kwa hilo. Watu wakiniuliza niliokoka lini hutarajia niwatajie mhubiri na mkutano. Niliokoka nikiwa naimba vibaya katika karakana, kwa sababu nilimwona mtu mkubwa akijishusha na sikuweza kuvumilia ashuke peke yake.

Jumamosi tulipanda gari la moshi kwenda Thika. Njia nzima Tata alitazama nje, mikonge na mikahawa ikipita, midomo yake ikienda bila sauti, anapanga atakayosema. Tulipofika nilimwongoza mpaka nyuma ya maduka, kwenye safu ya vyumba vya mabati ambako Mutua alipanga. Mlango ulikuwa wazi. Wambui alikuwa amechutama jikoni, mtoto mgongoni, sufuria ya ndengu inachemka. Alipomwona mama yake hakukimbia kumkumbatia. Alisimama, akapangusa mikono, akanyosha mgongo, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi walivyofanana.

"Mama," alisema, "umetoka mbali, kwa hivyo nisikupotezee siku. Sijatoka kwa Mutua. Sitatoka. Na kuokoka sijaokoka. Kama umekuja kuniuliza nimetubu, ile siku ya mvua nilikuwa nimetubu. Sasa sijui."

Nilitazama chini. Maneno yote ambayo Tata alikuwa ameyapanga kwenye gari la moshi hayakuwa na mahali pa kukaa tena. Waliookoka wa wakati ule hawakula katika nyumba ya watu waliokaa bila ndoa. Hata maji waliyakataa kwa adabu wakaondoka. Niliona Tata akitazama chumba: kitanda kimoja, baiskeli iliyofunguliwa magurudumu, nepi zimeanikwa kwenye kamba.

"Sijakuuliza," Tata alisema. "Nipe mtoto nimshike. Wewe pakua."

Wambui hakusogea. Tata mwenyewe akaenda nyuma yake, akafungua fundo la khanga, akamchukua mtoto mgongoni mwa mama yake, akaketi naye kwenye benchi. Mtoto akamshika Tata sikio. Wambui alipakua akiwa ametugeuzia mgongo, kwa muda mrefu kuliko ndengu zilivyohitaji, na hakuna kati yetu aliyemwambia ageuke. Tulikuwa tumeshaanza kula Mutua aliporudi. Alisimama mlangoni na mikono yake yenye grisi, akamtambua yule mama kwa uso wa mkewe, akarudi nyuma hatua moja, nusu nje, kama mtu aliyekosea nyumba. Tata alimtazama juu mpaka chini, kwa lile jicho ambalo hakuna mbegu mbovu iliyowahi kulipita. Kisha akamhamisha mtoto goti la pili, akasogea, na Mutua akapata pa kukaa.